Homoni zikishuka ukiwa kwenye methadoni: kusubiri, kuhamia buprenofini, au kuongeza testosteroni?

Mwanaume akishatimiza miezi sita au minane kwenye methadoni, dawa anayokunywa kliniki badala ya unga wa heroini, mengi hurudi mahali pake. Analala kwake, simu haiuzwi tena, mama anamfungulia mlango bila kuficha mkoba. Kisha siku moja, wengine wakishaondoka, anabaki nyuma na kuniambia kwa sauti ya chini lile ambalo hakumwambia daktari: "Kaka, mimi unga nimeuacha, na uanaume nao umeniacha mimi."

Nimelisikia hilo mara nyingi katika kazi ya ushauri nasaha hapa Kampala, kwa watu wanaotoka kwenye heroini, tramadoli na sindano za pethidini. Linaniuma kila mara, kwa sababu anayelisema huwa ameshajihukumu kwamba ni adhabu. Mwingine anadhani amerogwa. Na yupo mwingine, ambaye ndiye ninayemhofia zaidi, aliyekwisha amua kwamba methadoni ndiyo adui, na wiki ijayo hatakuja kunywa dozi.

Ninamwandikia huyo, na mke wake pia kama anasoma. Njia ziko tatu za kweli, na kila moja ina watu wake. Lakini kabla ya kuzilinganisha tuelewe kilichotokea, kwa sababu ukikosea chanzo utakosea na dawa.

Kilichotokea mwilini

Ndani ya ubongo kuna sehemu inayoitwa haipothalamasi. Kila baada ya saa moja na nusu au mbili hivi hutuma amri ndogo kwenye tezi ya pituitari iliyo chini yake. Pituitari nayo hutoa homoni mbili, LH na FSH, zinazosafiri kwa damu hadi kwenye korodani na kuziambia: tengenezeni testosteroni, tengenezeni mbegu. Opioidi za kila aina, iwe heroini, mofini, kodeini, tramadoli, pethidini au methadoni yenyewe, huinyamazisha amri ile ya kwanza kabisa. Korodani ni nzima. Hazijapata agizo.

Kwa hiyo tatizo halikuanza na kliniki. Lilianza na unga, ila wakati ule hukuliona kwa sababu arosto, yaani mateso ya kukosa unga, na kutafuta pesa vilikuwa vimefunika kila kitu. Uchambuzi mmoja wa 2015 uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba wanaume wanaotumia opioidi mara kwa mara walikuwa na testosteroni pungufu kwa wastani wa nanogramu 165 hivi kwa kila desilita ya damu wakilinganishwa na wasiotumia. Pengo hilo ni kubwa. Humtosha mtu kupoteza hamu ya tendo la ndoa, kuamka bila uume kusimama, kuchoka bila kazi, kunyong'onyea, misuli kulegea, ndevu kuwa chache, na mifupa kudhoofika kimyakimya kwa miaka.

Kipimo kwanza

Hapa sina msimamo wa kati: usichague njia yoyote bila kipimo. Damu ichukuliwe asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kabla ya kula, kwa sababu testosteroni hushuka kadiri siku inavyoendelea. Nimeona watu wakinywa dozi, wakipita sokoni, wakifika maabara saa tisa alasiri, kisha wanalia kwa jibu ambalo halina maana. Kipimo kirudiwe siku nyingine. Usipime ukiwa na malaria au homa yoyote, maana ugonjwa wenyewe huishusha homoni.

Chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kinatumia mpaka wa nanogramu 264 kwa desilita, na madaktari wa njia ya mkojo wa hukohuko wanatumia 300. Aliye katikati ya namba hizo mbili anahitaji daktari anayesikiliza dalili zake, kuliko karatasi tu. Pamoja na testosteroni, omba LH, FSH na prolaktini, homoni nyingine ya pituitari. Testosteroni ikiwa chini na LH ikiwa chini au ya kawaida tu, hadithi inalingana na opioidi. LH ikiwa juu sana, basi korodani zenyewe zina shida, na hilo ni jambo jingine kabisa. Sukari na VVU vipimwe pia kama hujui hali yako. Si kila uume uliolegea ni wa homoni. Kisukari hufanya hivyo, sonona hufanya hivyo, na ugomvi wa nyumbani uliodumu miaka hufanya hivyo.

Vigezo vya kulinganishia

Ninapokaa na mtu tunaulizana mambo matano. Njia hii inaipandisha homoni kweli, na kwa muda gani? Inafanya nini kwa nafuu yako, yaani inakusogeza karibu na unga au mbali nao? Je, unataka mtoto mwaka huu au ujao? Gharama ya vipimo, nauli na dawa utaiweza kwa miezi mingapi? Na la mwisho ambalo watu husahau: ukitaka kuiacha njia hiyo, mlango wa kutokea uko wapi?

Kigezo cha pili ndicho kizito kwangu. Testosteroni iliyopanda kwa mtu aliyerudi kwenye sindano haimsaidii mtu yeyote, hata huyo mke anayesubiri.

Njia ya kwanza: kubaki na dozi yako na kuujenga mwili

Nguvu yake. Miezi ya kwanza ya matibabu mwili huwa umetoka vitani. Umekonda, hulali, huli. Usingizi peke yake una uzito. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wenye afya saa tano tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Mtu anayekesha mairungi mdomoni akisubiri abiria kwenye steji ya boda boda anajifanyia jambo hilohilo kila wiki. Pombe huiumiza korodani moja kwa moja, na wengi wanaoacha unga huhamia kwenye waragi bila kuliona kama tatizo. Kitambi nacho hushusha homoni. Chakula hakihitaji kuwa cha gharama: mukene (dagaa), maharage, karanga, mayai. Kazi ya mikono au mazoezi mara tatu kwa wiki huongeza misuli hata kabla homoni haijapanda.

Niseme ukweli lakini. Ukiendelea na methadoni, amri ya ubongo inabaki imebanwa. Kwa mwenye kipimo cha chini kidogo, njia hii inaweza kumtosha. Kwa mwenye 120 au 150, kulala vizuri na mukene havitamfikisha.

Nafuu yako. Hapa njia hii haina mpinzani. Hakuna kinachoguswa kwenye dozi, na ratiba ya kulala, kula na kutokunywa pombe ndiyo ratiba ileile inayomlinda mtu asirudie unga.

Uzazi. Haiharibu kitu.

Gharama. Nauli ya kipimo cha kurudia baada ya miezi mitatu, basi.

Kutoka. Hakuna cha kutokea. Hatari yake ni moja: kusubiri bila tarehe. Nimewaona watu wakiambiwa "vumilia" mwaka mzima, bila kipimo cha pili, hadi ndoa ikavunjika. Kusubiri bila tarehe ya kupima tena ni kutelekezwa.

Inamfaa aliye mwanzoni mwa matibabu, aliyekonda, anayekunywa pombe, mwenye kipimo kilicho mpakani, au ambaye bado anateleza na kutumia unga mara mojamoja. Huyu wa mwisho asikimbilie njia nyingine kabla dozi yake haijatulia.

Njia ya pili: kuhama kutoka methadoni kwenda buprenofini

Methadoni na buprenofini zote huzuia arosto na tamaa ya unga, na zote zimo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Tofauti yake ni kwamba methadoni hufungua mlango wote wa opioidi, wakati buprenofini hukaa kwenye kitasa hichohicho na kuufungua nusu. Kwa sababu hiyo huelekea kuibana homoni kidogo zaidi.

Nguvu yake. Utafiti wa Ujerumani wa 2005 uliwalinganisha wanaume 17 wa buprenofini na 37 wa methadoni ya dozi kubwa. Wa buprenofini walikuwa na testosteroni ya juu na malalamiko machache ya kitandani. Ni utafiti mdogo, na watu hawakugawiwa dawa kwa kura, kwa hiyo usiuchukue kama ahadi. Lakini tafiti nyingine zimeelekea upande uleule, na ndivyo ninavyosikia kwa watu. Mabadiliko huja kwa wiki hadi miezi.

Nafuu yako. Hapa ndipo penye mtihani. Buprenofini ikiingia wakati methadoni bado imejaa mwilini, huisukuma nje na kukutumbukiza kwenye arosto ya ghafla, kali kuliko ile unayoijua. Kwa hiyo daktari hukushusha kwanza taratibu hadi karibu miligramu 30 za methadoni kwa siku au chini yake, kisha unakaa bila dozi siku moja hadi tatu mpaka dalili za arosto zionekane, ndipo kidonge cha kwanza kinawekwa chini ya ulimi. Kuna pia utaratibu mpya wa kuanza na vipande vidogo sana huku methadoni ikiendelea, ila unahitaji daktari aliyeuzoea. Kwa mtu anayesimama imara kwenye miligramu 110, kushuka huko ni safari ya wiki nyingi, na kila hatua ina siku ambayo unga utamwita kwa jina.

Kwa upande mwingine, buprenofini ina faida zake nje ya homoni. Haizuii pumzi kama methadoni, na haisumbui sana umeme wa moyo. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, au nevirapini na efavirenzi za VVU, anajua jinsi dawa hizo zinavyoimaliza methadoni mwilini na kumrudishia jasho la arosto. Buprenofini nayo huguswa na rifampisini, kwa hiyo mwambie daktari kila kidonge unachomeza.

Uzazi. Njia hii inaruhusu ubongo uanze kutoa amri zake wenyewe, kwa hiyo mbegu zinaweza kuongezeka. Kwa mwenye hamu ya mtoto, hilo ni jambo kubwa.

Gharama. Kliniki ya kwanza ya tiba ya dawa hizi nchini Uganda ilifunguliwa 2020 katika Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Butabika, miaka tisa baada ya wenzetu wa Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla ya kuanza kushushwa, uliza swali moja la kawaida tu: buprenofini ipo ya miezi mingapi? Mtu asishushwe methadoni kwa ajili ya dawa itakayokatika.

Kutoka. Ukishindwa, unaweza kurudi methadoni, na kurudi huko ni rahisi kuliko kwenda. Hakuna aibu.

Ndani ya njia hii kuna kinjia kidogo: kupunguza methadoni bila kuhama. Kwa kuwa dozi kubwa hubana zaidi, kushuka kidogo kunaweza kusaidia. Mimi simshauri mtu aliombe hilo kabla ya mwaka wa utulivu, na akianza kuota unga usiku arudishwe alipokuwa siku hiyohiyo.

Inamfaa aliyetulia, mwenye dozi ya wastani, anayetaka mtoto, au ambaye methadoni inamsumbua kwa sababu nyingine pia. Haimfai aliyejaribu kushuka mara mbili na kurudia unga mara mbili. Mwili wake umeshajibu.

Njia ya tatu: testosteroni yenyewe

Nguvu yake. Ndiyo inayopandisha namba kwa uhakika zaidi kati ya zote tatu. Hamu ya tendo la ndoa huanza kurudi ndani ya wiki tatu hadi sita, misuli baada ya miezi mitatu au minne, mifupa baadaye zaidi. Jaribio la 2015 liliwachukua wanaume 84 walioshushwa homoni na dawa za opioidi za maumivu, wengine wakapewa jeli ya testosteroni, wengine jeli isiyo na dawa, kwa wiki 14. Waliopata testosteroni walipata hamu zaidi, na hata maumivu waliyahisi kwa ukali mdogo. Hawa walikuwa wagonjwa wa maumivu, si watu wanaotoka kwenye uraibu, na tofauti hiyo ni muhimu. Hata hivyo lile la maumivu ninalithamini, kwa sababu nimewaona watu wakirudi kwenye unga kwa sababu ya mgongo tu.

Nafuu yako. Hapa nitakaa, kwa sababu nadhani ndipo kliniki nyingi za homoni zisipopaona. Testosteroni ya kawaida hapa ni sindano ya mafuta kwenye msuli, kila wiki au kila wiki mbili. Sasa fikiria mtu aliyejidunga miaka sita. Harufu ya spiriti, kupasuka kwa ampuli, bomba linapovutwa: mwili wake unakumbuka kabla ya akili. Mmoja aliniambia kwamba siku ya sindano mikono ilimtetemeka kwa furaha ambayo hakuielewa, na jioni akajikuta anatembea kuelekea Kisenyi, mtaa wa unga. Hakuwa amekosa imani wala nia. Alikuwa amepewa ampuli kumi na mabomba kumi akajidunge nyumbani.

Kwa hiyo kama ulikuwa mtu wa sindano, hili lisemwe wazi siku ya kwanza. Sindano ichomwe na muuguzi, kituoni, na usiondoke na bomba. Au itafutwe testosteroni ya kukaa muda mrefu, undekanoati, ambayo baada ya sindano ya kwanza hurudiwa wiki ya sita na kisha kila wiki 10 hadi 14. Hiyo ni mara nne au tano kwa mwaka, badala ya mara 26 au 52. Au jeli ya kupaka, isiyo na sindano kabisa. Jeli nayo ina masharti yake: huhamia kwa mwingine kwa kugusana ngozi, na kwenye muzigo, chumba kimoja ambamo baba, mama na watoto wanalala pamoja, mtoto anaweza kuanza kubalehe kabla ya wakati wake. Paka mabegani, subiri ikauke, vaa shati, nawa mikono, na mtoto asilale kifuani pako bila nguo katikati.

Kuna na jambo la mawimbi. Sindano fupi humpandisha mtu juu siku za mwanzo na kumshusha kabla ya inayofuata. Asiyewahi kuwa mraibu ataona ni uchovu wa siku mbili. Aliyewahi ataona ni arosto, na atataka sindano iwahishwe au iongezwe. Ukijikuta unahesabu siku za sindano kama ulivyokuwa ukihesabu saa za unga, mwambie mshauri wako siku hiyohiyo. Kuigawa dozi iwe ndogo ya kila wiki huyapunguza mawimbi hayo.

Uzazi. Hapa testosteroni inaanguka, na wanaume wengi hushangaa. Homoni ikiingizwa kutoka nje ya mwili, ubongo hunyamaza kabisa, na mbegu zinaweza kwisha hata kama tendo la ndoa ni zuri kuliko zamani. Ukiacha, mbegu hurudi kwa walio wengi, lakini kwa miezi sita, kumi na miwili, wengine zaidi. Anayetaka mtoto hivi karibuni asianze.

Gharama na vipimo. Kabla ya kuanza: hesabu ya damu, na kipimo cha PSA cha tezi dume kwa walio na umri wa zaidi ya miaka 40 au wenye historia ya saratani hiyo katika ukoo. Kisha vipimo hivyo pamoja na testosteroni virudiwe ndani ya miezi mitatu hadi sita, na kila mwaka. Kubwa linaloangaliwa ni damu kuwa nzito, yaani chembe nyekundu kuzidi. Zikiwa tayari zaidi ya asilimia 48 ya damu kabla ya kuanza, daktari hasiti tu, hukataa. Kwa wakazi wa mahali pa juu kama Kabale, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mpaka huwa 50. Zikivuka 54 wakati wa matibabu, sindano husimamishwa. Hesabu gharama hii ya mwaka mzima na usiangalie bei ya ampuli ya kwanza. Nimejifunza kwamba mtu akianza akakatikia njiani kwa kukosa pesa, anaangukia chini zaidi ya alipoanzia kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ni za hatari.

Wasiotakiwa kuianza ni wenye saratani ya tezi dume au ya matiti, waliopata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi sita, wenye moyo ulioshindwa kazi usiodhibitiwa, na wanaokatika pumzi usingizini bila matibabu. Hili la mwisho liangaliwe sana, kwa sababu methadoni nayo huisumbua pumzi ya usiku. Mke akisema "unakoroma kisha unanyamaza naogopa", mchukulie kama shahidi. Jaribio kubwa lililotolewa 2023, la wanaume zaidi ya 5,000 wenye hatari ya moyo, halikuona ongezeko la shambulio la moyo au kiharusi, ila liliona zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda mapafuni, na figo kudhurika ghafla.

Kutoka. Mlango upo, lakini ni mwembamba. Dozi hushushwa taratibu chini ya daktari, huku ubongo ukijifunza upya kutuma amri, na kama bado uko kwenye opioidi, utarudi palepale ulipoanzia.

Inamfaa mwenye vipimo viwili vya chini kweli, dalili zilizo wazi, asiyetafuta mtoto sasa, aliyetulia kwenye dozi yake kwa miezi, na mwenye uwezo wa vipimo vya mwaka.

Kati ya njia hizi, kwa anayetaka mtoto, madaktari wa homoni wakati mwingine hutumia klomifeni, inayousukuma ubongo utume amri, au hCG, inayoiga kazi ya LH. Ni mambo ya mtaalamu, si ya duka la dawa la mtaani.

Zisizo kwenye ulinganisho wangu

Kuacha methadoni ghafla ili homoni irudi. Ni kweli, opioidi zikitoka kabisa, testosteroni ya wengi hurudi ndani ya wiki hadi miezi. Lakini uchambuzi wa 2017 ulionyesha kwamba kati ya watu 1,000 wakifuatiliwa mwaka mmoja, walikufa kama 11 wakiwa kwenye methadoni, na kama 36 baada ya kutoka. Mwili ukishasahau unga, kipimo cha zamani huua. Nimezika watu kwa sababu hiyo, na mmoja wao alikuwa ameacha dozi kwa ajili ya harusi yake.

Mulondo, mzizi unaotafunwa kwa ajili ya nguvu za kiume, sina ugomvi nao. Kutafuna mzizi ni jambo la wazee wetu na ladha yake ni nzuri. Lakini haujaonyeshwa kurudisha amri iliyobanwa na opioidi, na zile chupa na poda zinazouzwa kwa jina la nguvu za kiume, nchi nyingi zimekuta ndani yake sildenafili isiyoandikwa, hatari kwa mwenye dawa za moyo. Sindano za jimu nazo, za kushirikiana bomba, zinarudisha VVU na homa ya ini mlango uleule uliokwisha kufungwa.

Kwa dada zetu

Mwanamke naye hubanwa amri hiyohiyo, ila kwake huonekana kwenye hedhi: hukatika au huyumba. Testosteroni si dawa yake. Kinachomhusu ni hiki: akianza matibabu na kula vizuri, yai linaweza kutoka kabla hedhi ya kwanza haijaonekana, na mimba ikamkuta akidhani hawezi kushika. Kama hataki mtoto, azungumze uzazi wa mpango mapema na muuguzi, au na ssenga (shangazi) anayemwamini amsindikize. Akishika mimba, asiache methadoni wala buprenofini. Shirika la Afya Duniani linashauri aendelee, kwa sababu arosto humtikisa na mtoto tumboni.

Kulingana na hali yako

Kama una chini ya miezi sita kwenye dozi, au ulitumia unga mwezi uliopita, anza na njia ya kwanza na andika tarehe ya kipimo cha pili kwenye kalenda ya ukutani.

Kama wewe na mke mnataka mtoto, zungumzeni buprenofini au mtaalamu wa homoni, na pimeni mbegu kabla ya chochote. Nendeni wawili. Mara nyingi mke ndiye anayekumbuka maswali.

Kama una miaka 45, vipimo viwili viko chini, watoto unao, dozi yako haijayumba mwaka mzima na mifupa au misuli inakwisha, testosteroni ni mazungumzo halali. Usiyaonee haya mbele ya daktari.

Kama ulikuwa mtu wa sindano, jeli au undekanoati kwanza, na mshauri wako ajue tarehe ya kila sindano.

Kama uko mbali, katika wilaya ya Moyo au Kisoro, na maabara inayopima homoni ni safari ya basi, panga vipimo vyote vya siku moja, asubuhi, ulale mjini usiku wa kuamkia. Bila uwezo wa kurudia kila miezi michache, testosteroni si ya kwako kwa sasa, na njia mbili za kwanza bado ziko wazi.

Kama unatumia mofini ya maji kwa saratani au maumivu mengine makali, usiiguse kwa sababu ya makala haya. Mwambie aliyekuandikia kuhusu dalili zako. Maumivu yako yanatangulia.

Na kama umeshaanza sindano kutoka duka la dawa bila kipimo, usijifiche na usikate kimyakimya. Leta ampuli tupu kliniki, mwambie musawo (daktari) jina la dawa, kiasi, na tarehe ya sindano ya mwisho, kisha damu yako ipimwe kabla ya sindano inayofuata.